Mkataba umeandikwa "Outturn 48 lbs, rejection 46". Wajuvi wa korosho Mtwara na Lindi, hili neno linatumikaje?

Karani Mgeni (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini. Nimeajiriwa majuzi kwenye kampuni ndogo inayonunua korosho ghafi mnadani na kuziuza nje. Diploma yangu ni ya biashara na masomo yote nilisoma kwa Kiingereza, lakini hili neno la leo sikuwahi kukutana nalo darasani.

Bosi kanikabidhi rasimu ya mkataba kutoka kwa mnunuzi mwenye kiwanda kule Kollam, India. Anataka Jumatatu nimweleze kwa Kiswahili kila kipengele, maana yeye ni mtu wa mzigo na mnada, Kiingereza cha mikataba anakikimbia. Bei nimeielewa, malipo kwa LC (barua ya benki ya kudhamini malipo) nimeyaelewa, tarehe ya kupakia pia. Kinachonishinda kimekaa hivi: "Outturn 48 lbs, rejection 46. Nut count 190, rejection 200. Moisture 10 percent max."

Nut count nimebahatisha kuwa ni idadi ya punje. Moisture ni unyevu. Outturn ndiyo imenikalia kooni. Kamusi ya mtandaoni inasema ni kiasi kilichozalishwa. Sawa, lakini pauni 48 za nini? Kontena zima la korosho likizalisha pauni 48 si tumefilisika wote? Mwenzangu wa ofisini anasema ni asilimia, kwamba katika korosho 100 nzuri ziwe 48. Mlinzi wetu, ambaye ana mikorosho yake Nanyamba, anasema "autani" ni ubora tu, na kwamba watu wa mnadani wanalitamka kila siku. Tuko watatu na majibu matatu.

Naombeni maana yake, inavyopimwa, neno lenyewe linavyokaa kwenye sentensi, na hili ndilo bosi atakaloniuliza la kwanza: ikishuka kutoka 48 hadi 47 nani anaumia, na kwa kiasi gani.

Kijiweni Ligula

Huyo mlinzi mpandisheni cheo, nyie wenye diploma mkalinde geti.

Napita tu, wajuvi waje. Niko pale nasoma.

Mzee wa Ghala, Newala

Mjukuu, mlinzi wenu amesema kweli, ila ameishia njiani. Autani ni ubora uliogeuzwa ukawa uzito. Nimekagua korosho ghalani miaka mingi kabla ya kupumzika, kwa hiyo nitakueleza kama inavyofanyika mezani, siyo kama inavyoandikwa.

Ukinyanyua gunia la korosho ghafi, uzito mwingi ulioubeba ni ganda. Mnunuzi ganda halimhusu sana. Anachotaka kujua ni hiki: nikilibangua gunia lote, nitabaki na karanga inayofaa, yaani kile kiini cha korosho kinacholiwa, kiasi gani? Hicho kiasi ndiyo outturn. Kwa kawaida ya biashara hii gunia linahesabiwa la kilo 80, na karanga inahesabiwa kwa pauni, ile ambayo baba zetu waliiita ratili. Pauni moja ni gramu 453.6. Basi outturn 48 ni kusema gunia la kilo 80 litakupa pauni 48 za karanga ya kufaa, karibu kilo 21.8. Kontena halimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ni gunia moja.

Ukipenda asilimia, kilo 80 ni pauni 176.4. Gawa 48 kwa hiyo, unapata asilimia 27 na ushee. Mwenzako wa asilimia 48 mwambie mkorosho wa namna hiyo haujaota bado, ukiota watafiti wa korosho wa Naliendele watatutangazia.

Sasa kupima. Hakuna anayebangua gunia zima. Bambo la mahindi, kile chuma cha kuchoma gunia na kutolea sampuli, mdomo wake mwembamba, kwa korosho tunafungua gunia na kuchota kwa mkono, na siyo la juu peke yake, maana wajanja huweka nzuri juu. Unachota magunia mengi, ya chini ya rundo na ya katikati, unamwaga turubaini, unachanganya. Unagawa mafungu manne, unaondoa mawili yanayotazamana, unachanganya yaliyobaki, unagawa tena. Unaendelea hivyo mpaka ubaki na kilo moja.

Hiyo kilo kwanza unahesabu punje zake. Ndiyo nut count yako. Punje 190 kwa kilo ni korosho ya wastani mzuri, zikizidi 200 ujue ni vidogo. Angalia hapo: kwenye nut count namba ikipanda ni hasara, kwenye outturn namba ikipanda ni faida. Karani wengi wageni huzisoma zote kwa mkono mmoja.

Kisha unachukua mkasi wa kukatia, unapasua moja moja kwa urefu, zote. Unazipanga makundi matatu. Nzuri ni nyeupe, imejaa ganda. Za katikati ni changa, zilizosinyaa, au zenye madoa yasiyozama ndani. Mbaya ni zilizooza, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, zilizogeuka mafuta, na tupu. Karanga unaitoa kwenye ganda ngumu, ngozi yake ya ndani unaiacha, unapima kwa mizani ya gramu. Nzuri zinahesabiwa zote. Za katikati unachukua nusu ya uzito wake. Mbaya hazihesabiwi.

Tuseme nzuri zimekuja gramu 262 na za katikati gramu 24. Nusu ya 24 ni 12, jumla 274. Zidisha kwa 0.17637. Unapata 48.3. Mzigo wako umepita kwa mkataba huo, lakini kwa unywele.

Hiyo 0.17637 usiikariri kama dua. Ni 80 ukigawa kwa 453.6, basi. Ukiisahau unaitengeneza upya hapo hapo kwenye simu.

Karani Mgeni

Shikamoo mzee wangu. Hili nilikuwa nalitafuta tangu asubuhi. Kwa hiyo ile "lbs" ni pauni za karanga ndani ya gunia moja, na kilo 80 haikuandikwa popote kwa sababu wote wenye biashara wanaijua?

Mzee wa Ghala, Newala

Marahaba mjukuu. Ndiyo hivyo. Mikataba mingine huandika KOR (kernel outturn ratio) badala ya outturn, kitu ni kile kile. Wewe ukiandika wa kwako, itaje hiyo kilo 80. Wino haununuliwi bei kubwa.

Mpiga Hesabu, Masasi

Nishuke kwenye pesa, maana swali la bosi halijajibiwa.

Nachukua shilingi 3,000 kwa kilo kwa urahisi wa hesabu tu, msije mkanishambulia kuwa mnadani ilikuwa vinginevyo. Gunia la kilo 80 ni shilingi 240,000. Kama outturn ni 50, kila pauni ya karanga imekugharimu 4,800. Kama outturn ni 46, pesa ile ile 240,000 ukigawa kwa 46 ni 5,217. Yaani umelipa shilingi 417 zaidi kwa kila pauni, na hujaongeza kitu chochote isipokuwa ganda na uozo.

Geuza upande wa pili. Mnunuzi anayetaka kubaki kwenye 4,800 kwa pauni, korosho ya outturn 46 atailipa 4,800 mara 46, gawa kwa 80, sawa na 2,760 kwa kilo. Pointi nne zimeondoa shilingi 240. Pointi moja ni shilingi 60 kwa kilo, na kwa tani moja ni shilingi 60,000. Ndiyo maana unaona wanunuzi wanabishana ghalani kwa nusu pointi mpaka mate yanakauka.

Sasa mkataba wako. Tuchukue bei ya mfano dola 1,400 kwa tani kwa outturn 48. Mzigo ukipimwa 47, kawaida ni kupunguza bei kwa uwiano: 1,400 mara 47, gawa kwa 48, unapata kama dola 1,370.8. Umepoteza dola 29 na senti kwa tani. Kwa tani 100 ni zaidi ya dola 2,900. Anayeumia ni bosi wako, siyo Mhindi.

Ila angalia kama huo uwiano umeandikwa. Wewe umetunukulia 48 na 46 tu. Kati ya hapo kuna nini?

Karani Mgeni

Mkuu nimerudi kuusoma. Kuna sentensi chini yake, "pro rata discount below 48". Nilidhani ni mambo ya benki.

Mpiga Hesabu, Masasi

Ndiyo hiyo hiyo. Punguzo kwa uwiano ukishuka chini ya 48. Na "rejection 46" ni mpaka: ukishuka chini yake ana haki ya kuukataa mzigo, siyo kupunguza bei tena. Mwambie bosi kuna ngazi mbili. Kutoka 48 kwenda 46 unakatwa. Chini ya hapo mzigo unaweza kukataliwa ukiwa ng'ambo, na mzigo uliokataliwa ng'ambo unauzwa kwa bei anayotaka aliye karibu nao.

Na ikipanda? Ukimpelekea 50 anakuongezea? Soma tena, mara nyingi hakuna neno. Mikataba ya hivi hukatwa kushuka, kupanda ni sadaka. Mimi ningeomba nyongeza kwa uwiano ule ule, akikataa angalau umejua unafanya biashara na nani.

Ticha Nachingwea

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, korosho nazijua za kutafuna, kwa hiyo kwenye meza ya mzee sisogei. Nachangia neno lenyewe kwa sababu mleta uzi aliuliza linakaaje kwenye sentensi.

Outturn ni nomino, na ni nomino tu. Huwezi kusema korosho "outturned". Kitenzi cha ukoo wake ni "turn out", maneno mawili, nacho kina maana pana ya kuishia kuwa hivi au vile. Ukiyaunganisha kwa mpangilio huo, "turnout", umeshahama mtaa: hayo ni mahudhurio, watu waliojitokeza kupiga kura au kuja mkutanoni. Nyuma yake kuna "turnover", ambayo wafanyabiashara mnaijua vizuri kwa sababu TRA wanaiulizia, yaani mauzo ghafi ya mwaka kabla hujatoa gharama. Ukimwandikia mnunuzi kuwa turnover yenu ni 48, atabaki anajiuliza milioni au bilioni.

Majirani wengine wawili ni "output" na "yield". Output ni wingi wa kilichozalishwa, hauulizi kimetokana na nini. Yield ni mavuno kwa eka au kwa mti. Mkulima anaweza kuwa na yield ya kutisha, magunia mpaka sebuleni, na outturn mbovu kwa sababu korosho zenyewe zilioga mvua.

Outturn inataka pande mbili. Kimeingia hiki, kimetoka hiki. Mpunga kilo 100 ukiingia mashineni ukatoa mchele kilo 65, outturn ni asilimia 65, na hapo hakuna pauni wala gunia la 80. Kwenye vitabu vya bajeti vya Kiingereza, outturn ni fedha zilizotumika kweli mwaka ulipofungwa, zikisimama kando ya zilizopangwa. Wakenya nao kwenye kahawa wana "outturn number", namba inayopewa mzigo ukifika kinuni ili ufuatiliwe hadi sokoni. Mkenya wa kahawa akikuuliza outturn namba ngapi, usimjibu 48.

Kihusishi chake ni "of": an outturn of 48 pounds. Kwa Kiswahili naona watu wa huku wanasema "autani ya 48" na imeshakaa. Sioni sababu ya kuhangaika kutafuta neno jingine wakati wakulima, makuli na madalali wote wanaelewana nalo.

Wakala Shangani

Ticha umesahau bandari, na huku ndiko neno hili linaweza kumchanganya karani wetu zaidi kwa sababu atakutana nalo kwenye biashara hii hii.

Meli ikishusha mzigo, hutolewa "outturn report". Ni taarifa ya kilichoshuka kweli kikilinganishwa na manifesti, ile orodha ya mzigo wa meli: magunia mangapi yalitakiwa, mangapi yameshuka, mangapi yamepungua, yamezidi, yamelowa au yamechanika. Hiyo haina uhusiano na karanga wala mkasi. Ni karatasi ya kudai bima au kumdai mwenye meli. Mnunuzi wako akikuandikia kwamba "outturn" ina upungufu wa magunia 12, hakuambii korosho mbovu, anakuambia hazijafika.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia kipimo kilichoambatana. Pauni, ni ubora. Magunia, kontena au tani zilizoshuka, ni bandari. Mimi nimewahi kusoma barua pepe moja yenye outturn zote mbili kwenye aya moja, na aliyeiandika hakuona tatizo lolote.

Kijiweni Ligula

Kumbe mnaishi na neno moja lenye wake wanne. Endeleeni.

Mama Mbanguaji, Lindi

Hamjambo wanangu. Nawasoma, nanyi mnaongea kama gunia likishapimwa kazi imekwisha. Kwetu sisi tunaobangua ndiyo kwanza inaanza.

Outturn inakuambia uzito, haikuambii umbo. Naweza kupewa korosho ya 50 ikapasuka mikononi ikawa vipande, na kipande hakiuzwi bei ya nzima. Soko la karanga lina madaraja yake. Nyeupe nzima zinaandikwa W, halafu namba: W240, W320, W450. Hiyo namba ni punje ngapi zinajaza pauni moja. W320 ni punje 300 hadi 320 kwa pauni. Namba ndogo ni punje kubwa, na bei yake iko juu. Sasa chukua mizigo miwili, yote outturn 50. Mmoja nut count 180, mwingine 215. Kwenye karatasi ya outturn ni mapacha, kwenye ndoo yangu hawafanani hata kidogo. Kwa hiyo karani, hicho kipengele cha nut count usikipite haraka kwa sababu umekielewa kirahisi.

Jambo la pili, ile ngozi ya ndani aliyosema mzee kwamba inaachwa wakati wa kupima. Mimi lazima niitoe. Na kabla ya kuitoa naikausha karanga, unyevu unaondoka. Gunia la outturn 50 kwa hesabu lina karanga kilo 22.7, lakini ukinikuta nafunga boksi hutazikuta zote. Kikundi kipya kikianza, hapa ndipo kinaponyoosheana vidole kuwa kuna anayeiba. Hakuna mwizi. Ni ngozi, ni unyevu, na punje zinazoharibika wakati wa kubangua. Na mafuta ya ganda, yale yanayochubua vidole hata ukipaka majivu, nayo hayamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tatu, unyevu. Korosho mbichimbichi inapima uzito zaidi. Mkiona mzigo una outturn nzuri muulize unyevu wake ulikuwa asilimia ngapi siku hiyo hiyo. Ukizidi 10, ukiufungia kwenye kontena wiki kadhaa baharini unaota ukungu. Ulioondoka na 48 utafika na ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Mkulima Tandahimba

Uzi mzuri, ila naomba niwamwagie mchanga kidogo. Mimi mkulima outturn inanihusu nini?

Nachukua mfano wangu. Napulizia salfa kwa wakati, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hauniingilii. Naokota kila siku mbili tatu, sisubiri zilale chini mpaka mvua za Desemba. Naanika, nachambua, napeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika. Jirani yangu anaokota mara moja kwa mwezi, zake nusu zimekuwa nyeusi. Tukifika ghalani, wote daraja la kwanza, zinamwagwa pamoja. Zikipimwa, outturn ni ya ghala. Bei ni moja. Mimi nimempandishia, yeye amenishushia, na tunalipwa sawa kwa kilo. Tangu stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kukusanya ghalani na kuuza kwa mnada, ianze huku 2007 hali ni hiyo. Hata 2018 serikali iliponunua kwa 3,300, ilikuwa 3,300 kwa kilo, hakuna aliyeulizwa autani yake.

Kwa hiyo hizo pointi za shilingi 60,000 kwa tani anazosema ndugu wa Masasi zipo, sikatai. Zinaishia kwa wakubwa huko.

Mpiga Hesabu, Masasi

Ndugu yangu wa Tandahimba, nusu nakubali. Ndani ya AMCOS moja ni kweli mwangalifu anambeba mzembe, na sioni namna mfumo wa sasa unavyoweza kumlipa mtu mmoja mmoja.

Ila siyo kweli kwamba inaishia juu. Angalia matokeo ya mnada wowote, kuna bei ya juu na bei ya chini siku hiyo hiyo, kwa korosho zote za daraja la kwanza. Wanunuzi wana kumbukumbu. Ghala lililowahi kuwauzia mzigo wa 51 wanalifahamu, na lililowauzia 46 wanalifahamu zaidi. Sasa hivi mnada unapita kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, mtu anaweka bei akiwa amekaa kwake, hakuoni uso wala hujamnunulia soda. Anachoona ni ghala, tani na sifa yake. Kwa hiyo outturn inakuhusu, ila inawahusu nyote kwa pamoja, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Mzee wa Ghala, Newala

Mwanangu wa Tandahimba ana haki ya kununa. Niongeze moja tu. Kabla ya ghala tulikuwa na kangomba, na bado wapo. Yule anakuja na bakuli au ndoo yake, anakupa pesa korosho zikiwa bado mtini. Kwake nzuri na mbaya ni bei moja, na bei hiyo ni ya mbaya. Halafu anakwenda kupima outturn mwenyewe chumbani, anachanganya anavyotaka. Anajua namba, wewe hujui.

Ukiwa na mkasi na mizani ndogo ya gramu, kipimo hiki unakifanya barazani kwako. Kilo moja, saa moja. Kaeni watu kumi wa AMCOS moja mpime kila mtu zake kabla ya kupeleka. Ambaye zake zitatoka 43 mbele ya wenzake, hutahitaji kumfundisha kuokota mapema.

Mkulima Tandahimba

Hiyo ya kupimana hadharani naipenda. Itavunja undugu wa watu lakini naipenda. Huo mkasi wa kukatia unapatikana wapi? Nimeona wa wakaguzi tu.

Mama Mbanguaji, Lindi

Hata kisu kizito na gogo vinatosha mwanangu, mradi ukate kwa urefu na ujilinde vidole na yale mafuta. Pakaa mafuta ya kula mikononi kwanza. Mizani ndiyo usiifanyie mzaha, ile ya dukani ya kupimia sukari haifai, tafuta inayosoma gramu moja moja.

Karani Mgeni

Wakuu na wazee wangu, nina swali moja la mwisho kabla ya Jumatatu. Nimeusoma mkataba mara tatu, sioni palipoandikwa outturn itapimwa wapi. Mtwara wakati wa kupakia, au Kollam ukifika?

Wakala Shangani

Hapo umeuliza swali la mwenye mali. Kama hakujaandikwa, atakupimia kwake, kwa mkasi wake, kwa mtu wake, baada ya korosho kukaa kwenye chuma la moto wiki nzima na zaidi. Itatoka 46 na nukta, na wewe upo Mtwara.

Dai kiandikwe kwamba ubora ni wa mwisho bandari ya kupakia, kwa cheti cha mkaguzi huru mliyekubaliana wote wawili na jina lake litajwe humo. Sampuli ya akiba ifungwe kwa lakiri mbele ya pande zote, ibaki moja kwako moja kwake. Akikataa kabisa, basi mkubaliane apime kule kwa mkaguzi huru, na tofauti ndogo kati ya vipimo viwili isihesabiwe, kwa mfano nusu pauni.

Mzee wa Ghala, Newala

Na mkaguzi akija kupima, usikae ofisini na kompyuta. Kaa naye mezani. Kundi la katikati ndilo linalopeleka namba juu au chini, maana doa hili mmoja ataliita dogo na mwingine ataliita uozo. Kila punje anayoitupa kwenye mbaya, iombe uione.

Ticha Nachingwea

Karani, ukiandika sentensi yako kwa Kiingereza iweke hapa tuione kabla hujaituma.

Karani Mgeni

Nimeandika hivi ticha: "Outturn of 48 lbs per bag of 80 kg, as certified by the inspector at loading, Mtwara, shall be final." Na chini yake nimeongeza nyongeza ya bei kwa uwiano ikizidi 48, kama alivyoshauri ndugu wa Masasi.

Ticha Nachingwea

Imekaa sawa. Sentensi ni fupi na kila namba ina kipimo chake. Usiongeze pambo lolote.

Karani Mgeni

Mrejesho wakuu. Bosi nimemweleza asubuhi, akaniambia nimtengenezee hesabu ya kila pointi kwa tani 150 aibandike ukutani. Kipengele cha kupimia Mtwara amekikubali na tumekituma. Kollam wamejibu jioni hii: kupimia Mtwara wanakubali ila mkaguzi wamchague wao. Nyongeza ya bei ikizidi 48 hawajaigusa kabisa kwenye barua yao.

Mpiga Hesabu, Masasi

Mkaguzi wasimchague wao peke yao wala nyie peke yenu. Wape majina matatu ya wakaguzi huru, wao wachague moja hapo. Ya nyongeza ikumbushe tena kwa barua ya peke yake, uone wataikwepa mara ngapi.